Buloni ya Mashua ya Baba

Jina langu lilikuwa limesagwa. Ndicho nilichokiona kwanza tulipoteremka kwenye kamyo, lori lililotuleta, kabla sijatazama ziwa, kabla sijamtazama yeye aliyesimama majini hadi vifundoni na kofia nyeupe kichwani. Baba aliliandika jina lile ubavuni mwa mashua kwa bageti, ule ufito wa kuchomelea, herufi zikavimba kama kovu, na nilipokuwa mdogo niliweza kulisoma kwa kidole huku nimefumba macho. Sasa mahali pake palikuwa na bati lililokwanguliwa kwa mashine, kisha likapakwa rangi ya buluu. Rangi yenyewe haikutosha. Ukisogea karibu uliona mikwaruzo imekwenda huku na huku, kazi ya mtu mwenye haraka.

Nilifurahi kuiona mikwaruzo ile. Angekuwa ameitunza mashua vizuri, hasira yangu ingekosa pa kushika. Yeye akanipa pa kushika.

Nieleze yeye wa kofia nyeupe alikuwa nani. Baba yangu alikuwa mchomeleaji wa kampuni ya migodi ya shaba, soudeur kama tunavyosema huku, na tulikaa nyumba ya kampuni Musonoi, mtaa wa Kolwezi, ukuta mmoja na nyumba ya wazazi wa kijana huyu. Alikuwa msaidizi wa baba kazini. Alibeba chupa za gesi, alishikilia bati, alivaa maski baba akichoka. Alimwita baba "tata", yaani baba, nami nilimwita "yaya" kama kaka yangu wa tumbo moja. Alikula kwetu. Mama alimwekea kipande cha samaki chenye mgongo kwa sababu alijua anakipenda. Baba alipoanza kuunda mashua nyuma ya nyumba, Jumapili baada ya misa, kwa mabati aliyoyaokota kwenye machuma yaliyotupwa, kijana huyu ndiye aliyemshikia. Ilipokwisha wakaipakia kamyoni pamoja, wakaipeleka kwenye ziwa la barrage, pale mto Lualaba ulipozuiwa ukafunika makorongo na vijiji vya watu wa zamani. Mota waliipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao. Ilikuwa imekufa. Baba akaifufua.

Ziwani ndiko baba alikonifundisha kuogelea. Alitaka kumfundisha na kijana wake.

"Tata, mi siko samaki," akamjibu. "Kama mi najua kuogelea, mashua ni ya nini?"

Baba akacheka. Baba alikuwa mwepesi wa kucheka, na nadhani hilo ndilo lililomponza.

Halafu mambo yakaharibika. Kampuni ilianza kufa, mishahara ikawa haifiki, mashimo yakajaa maji kwa sababu hakuna wa kuyapampu, na watu wakatafutiwa mtu wa kulaumu. Wakaambiwa kwenye mikutano kwamba ni watu wa Kasai, jimbo la jirani. Tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Baba alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Babu ndiye aliyekuja na reli kutoka Kasai. Haikusaidia. Mama ni Muluba wa kaskazini, wa Katanga hii hii, kwa hiyo siku vijana walipofika mtaani kwetu na marungu, na chaki ya kutia alama milango ya kufukuzwa, walisimama mlangoni wakibishana. Wengine walisema nyumba hii waipite, kwa heshima ya mama. Aliyekata maneno alikuwa yeye, yaya wangu, amefunga kitambaa mkononi kama wakubwa wao.

"Mama na batoto babaki. Ule mwanaume aende kwabo."

Ule mwanaume. Jana yake alikuwa tata.

Baba alikaa stesheni akisubiri treni pamoja na umati wa watu, wiki juu ya wiki, chini ya maturubai. Tulimpelekea bukari, ugali wetu, mchana. Watoto walikufa pale, na hilo nitaliacha hapo. Kijana huyu alikuja stesheni mara moja. Alikuja na mkate chini ya koti. Akachuchumaa mbele ya baba, akasema:

"Tata, usiogope juu ya mashua. Nitakulindia. Siku utarudia, utaikuta."

Na baba akamshukuru! Nilisikia kwa masikio yangu, baba akimshukuru mtu aliyemtoa nyumbani kwake, kwa sababu ya mkate na ahadi. Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo. Baba akapanda na maski yake ya kuchomelea ndani ya gunia. Kutoka pale nilikuwa na neno moja tu moyoni. Sikuomba mashua irudi kwetu, maana tungeipeleka wapi? Nilitaka isiwe yake. Basi.

Mvua zikapita, zikaja nyingine. Yaya wangu akaanza kujiita Kapiteni. Alikuwa akiwapeleka watu ziwani kutembea: maofisa, watu wa harusi, wafanyabiashara wanaokuja kutoka Dilolo na nguo za Angola. Anawazungusha, wanaogelea, wanaingia kwenye mapango ya korongo kwa kuogelea, wanakula samaki juu ya mwamba. "Mapango kama ya bahari," alikuwa akitangaza sokoni, na kwa kuwa Kolwezi hakuna aliyewahi kuiona bahari, hakuna aliyeweza kumbishia. Ili sifa zake zienee akaialika kwaya ya parokia yetu siku nzima, wageni wake. Alijua hakuna midomo mjini inayosafiri kama ya kwaya. Nami ni soprano, safu ya nyuma, yule ambaye mwalimu humsahau akigawa sauti.

"Hauendi," mama alisema.

"Kwaya yote inaenda."

"Kwaya yote haina baba mwenye alitengeneza ile mashua."

Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mchi haukusimama. Nikangoja.

"Unaenda kufanya nini kule?"

"Kuiona."

"Kuiona tu?"

"Kuiona, mama."

Akaacha kutwanga. "Basi ukienda, funga kinywa. Shiye tunaikala mu hii nyumba sababu batu banasahau. Usibakumbushe."

Kwa hiyo nilikwenda na kinywa kilichofungwa, jambo ambalo kwangu si kazi.

Pale ufukweni, mama prezidenti wa kwaya ndiye aliyepanda mashua wa kwanza. Ni mwanamke mnene, mwenye alto inayotoka chini ya tumbo, na anaogopwa hata na mapadri. Akashika ukingo, mashua ikainama upande wake.

"Kapiteni, hii kitu inanibeba hata mi?"

"Mama, hii inabeba ng'ombe."

"Unaniita ng'ombe?"

"Mama, anasifu mashua," akasema kijana mmoja wa tenori, mtu wa mzaha siku zote. "Juu ya ng'ombe hajafika bado."

Wakacheka wote. Kapiteni akanipa mkono nipande, akanitambua.

"Kadogo! Ulikomaa. Mama eko?"

"Eko."

"Umusalimie sana."

Alisema hivyo, umusalimie sana, kama mtu aliyesafiri tu akarudi. Sauti yangu ilikuwa imetoka ndogo kama kawaida yake, nikaichukia. Nikakaa nyuma karibu na mota, miguu yangu juu ya sehemu ya sakafu niliyoijua.

Hapo chini palikuwa na buloni, ile parafujo nene ya mashine. Mvua ilikuwa ikijaza mashua kila inapowekwa ufukweni, na kuipindua ilikuwa taabu, basi Jumapili moja baba akatoboa tundu la kutolea maji sakafuni, akachomelea nati, akaikaza buloni kutoka nje, upande wa chini. Kichwani mwa buloni aliunga kijichuma cha kukingama ili mtu aifungue kwa mkono bila ufunguo. Mimi ndiye niliyeipaka graisi. Kijana wake siku ile alikuwa amekwenda kutazama mpira. Baadaye baba aliifunika kwa lami isipate kutu, ikawa inaonekana kama kiraka kati ya viraka vingine. Tangu nilipoona jina langu limesagwa nilikuwa naifikiria.

Tukaondoka. Kapiteni akasimama mbele, akaanza kazi yake ya kutuongoza.

"Ku mukono wa kuume, batu ba zamani balikuwa na kijiji. Sasa kiko chini. Samaki njo banalala mu nyumba, na hakuna mwenye anabadai kodi."

Watu wakacheka. Ni maneno ya baba. Hata pale alipotua kabla ya "kodi", baba alitua pale pale. Nilikuwa nimejiandaa kwa mashua. Kwa maneno sikuwa nimejiandaa.

"Na sasa mutaona mapango kama ya bahari!"

Mama prezidenti akachovya kidole ziwani, akakilamba. "Bahari gani haina chumvi? Kapiteni, ulisahau chumvi ku nyumba."

Ziwa likabana, kuta za mawe zikasimama pande zote mbili, nyekundu, na michirizi ya kijani pale shaba inapolia kutoka ndani ya mwamba. Mbele kulikuwa na mdomo wa pango, mpana lakini wa chini, unalazimika kuinamisha kichwa unapoogelea kuingia. Kapiteni akazima mota. Kila mtu akanyamaza, hata wa tenori, kwa maana hapo pana desturi.

Ni ya wavuvi wa ziwa lile, na kila anayefika anaifuata, Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu. Hata padri, baba aliniambia, alianza kwa kucheka akamaliza kwa kuvua kofia. Mwenye kuendesha anarusha unga mweupe majini, na anataja kwanza mashua: nani aliyeitengeneza, baba yake nani, kijiji chao wapi. Mashua inaingia kama mtoto wa aliyeiunda. Kisha kila abiria anashika unga kidogo, anataja jina lake, la baba yake, na kijiji cha asili. Wenyewe wa vijiji vilivyozama wako chini, wanasema wavuvi, na hawapendi mgeni asiyejulikana anakotoka. Baba hakuwahi kukiona kijiji chake cha Kasai. Mahali pekee nilipomsikia akikitaja ni hapo, mdomoni mwa pango, unga kwenye vidole.

Kapiteni akarusha unga.

"Hii mashua ni mutoto wa baba yangu," akasema. Akataja jina la baba yake, la babu yake, na kijiji chao.

Nikatazama nyuso. Wote walijua. Mama prezidenti alikuwa uani kwetu siku mashua ilipomalizika, alikula bukari akaomba na mchuzi. Sasa alikuwa anautazama unga majini kana kwamba umeingia wadudu. Wa tenori alijikuna shingo. Hakuna aliyefungua kinywa, na kwa dakika ile niliwachukia wote sawasawa na yeye, tena yeye labda kidogo pungufu, kwa sababu yeye alikuwa na faida.

Unga ukazunguka. Kila mmoja alitaja, wengine kwa sauti, wengine kwa aibu. Uliponikaribia nilipangusa kiganja kwenye kitenge. Mama alisema nifunge kinywa. Lakini pale mtu hadanganyi, nami nilikuwa nimekwisha kujua nitasema nini. Nikachota unga.

"Huyu tumuruke," Kapiteni akasema kwa upole, upole kabisa. "Eko wa mama yake tu."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Unga ukapita kwenda kwa mwenzangu. Niliubana ule wa mkononi mwangu mpaka ukawa donge kwa jasho.

Akatuteremsha kwenye mwamba mpana kando ya pango, na mizigo, na sufuria. Mashua akaifunga upande wa nyuma wa mwamba, kwenye kivuli, chini ya ukuta ambapo maji ni ya kina kirefu mno. Aliifunga kwa kamba iliyosokotwa kwa mipira ya baiskeli. "Muende muone," akasema. "Mi nachunga bitu." Akaanza kuwasha moto wa samaki. Hakutaka ijulikane kwamba hawezi kuogelea.

Tuliingia pangoni, wanaojua wakiogelea, wasiojua wamekumbatia bidoni, madumu matupu. Ndani ni kama kanisa ambalo sakafu yake ni mwanga. Jua linapita chini ya maji, linapanda kwenye dari, mawe yanatikisika kama yanapumua. Mama prezidenti alielea chali, kitenge kimejaa hewa, akasema, "Eee, Mungu wangu, lelo niko mwepesi!" Kila mtu akacheka, na kicheko kikazunguka kikarudi kikubwa zaidi. Wakaanza kuimba ili wasikie mwangwi. Nikarudi nyuma gizani. Hakuna aliyenitafuta. Ukinyamaza miaka yote, watu wanazoea kutokukuona.

Pango lile lina mlango wa pili, mdogo, chini ya maji, unaotokea nyuma ya mwamba. Baba aliuita mlango wa samaki. Alinipitisha pale akiwa amenishika kisigino. Safari hii nilipita peke yangu, mabega yakikwaruza jiwe, nikatokea kwenye kivuli cha mashua.

Niliipapasa sakafu yake kwa chini. Kiraka, kiraka, kisha ile lami. Nikaing'oa kwa kucha. Kijichuma kikaja mkononi, nikakizungusha, hakikukubali. Pumzi ikaisha. Nikapanda ubavuni, pua tu nje ya maji, upande wa ukuta, nikamsikia Kapiteni juu akipiga mluzi na mafuta yakichachatika. Alikuwa anapiga mluzi! Nikashuka tena. Nikakumbuka kwamba kutoka chini unazungusha kinyume cha unavyodhani. Nikakaza meno, ikasogea. Mara ikawa laini kabisa, kwa maana ndani ya nyuzi zake graisi ilikuwa bado ipo, ile niliyoipaka mimi. Buloni ikatoka. Maji yakanifyonza kiganja kama mdomo wa mtoto mchanga.

Niliirudia njia ya samaki. Ndani ya pango walikuwa bado wanaimba. Nikaifunga buloni kwenye ncha ya kitenge, nikaingia katika wimbo kwenye sauti yangu, nikaimba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuimba, mpaka msichana wa mbele yangu akageuka kuona ni nani.

Tulikaa kula. Samaki walikuwa wazuri, sina sababu ya kusema uongo. Bukari ilikuwa ngumu vizuri. Kapiteni alikuwa anazunguka akigawa, akimwambia mama prezidenti kwamba siku ya sikukuu ya parokia atawaleta mapadri wote. Nilikula taratibu. Nilitaka niwe na kitu mdomoni wakati ule.

"Kapiteni," wa tenori akaita, mdomo umejaa, "mashua yako inapiga magoti."

Wakacheka. Kapiteni akageuka, hakucheka. Upande wa mota ulikuwa umezama mpaka ukingoni na mbele kulikuwa kunainuka. Akakimbia, akaishika kamba. Ile mipira ikavutika, ikavutika, ikawa nyembamba kama uzi, naye akivuta huku akiteleza kwenye jiwe, magoti majini, kiuno majini, akipiga kelele, "Mutusaidie! Mutusaidie!" Hakuna aliyeinuka upesi, wengine walikuwa na mifupa mikononi. Halafu kamba ikakatika. Ikampiga shavuni. Mashua ya baba ikasimama wima kidogo, rangi ya buluu inang'aa, ikateremka bila makelele kwenda kwa wale wasiodaiwa kodi. Mapovu yakapanda kwa muda. Kapiteni akatambaa kurudi juu ya mwamba kwa mikono na magoti, akikohoa, na kofia yake nyeupe ikabaki ikielea pale, ikizunguka.

Wa tenori akasema polepole, "Kumbe Kapiteni hajui kuogelea?"

Mama prezidenti akafuta vidole vyake, kimoja kimoja.

"Ulidanganya mayi," akasema, akiyanyoshea maji kidole.

"Mama, ni kutu. Ni tundu tu, bati ni ya zamani..."

"Baba yako aliuza makala ya kupikia mpaka kufa kwake. Mashua alitengeneza wapi, mu gunia?"

Basi mlango ukafunguka. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. "Ile mashua iko ya ule tata soudeur!" "Mi nilikula siku alimaliza!" "Mi nilimuona akichomelea, Jumapili zote!" Midomo ile ile iliyokuwa imefungwa asubuhi. Nikatia akilini jinsi ilivyokuwa rahisi kwao sasa. Na mtu mmoja, yule yule nadhani aliyecheka kwa pua, akasema, "Na kale katoto alikaruka! Ku mayi, hawarukake mutu!"

Wakanigeukia. Nilikuwa nachambua mwiba wa samaki.

Kurudi kulikuwa kwa miguu. Kuna njia ya wavuvi inayofuata ukingo mpaka barabara ya kamyo za makala, lakini katikati yake kijito kinaingia ziwani, lazima mkivuke, maji hadi kiunoni. Tulipofika hapo hakuna aliyeingiza mguu. Walisimama na sufuria vichwani, wakiyatazama maji yale kama yanawatazama. Mwisho mama prezidenti akafungua mfuko wa unga uliobaki wa bukari, akachota, akaja mbele yangu.

"Mwanangu," akasema, "sema. Tupite."

Unga ukawa mkononi mwangu kwa mara ya pili siku ile. Kwaya nzima ilikuwa inaningoja mimi, mtu wa safu ya nyuma. Nikawaacha wangoje. Jua lilikuwa kali na mizigo ilikuwa mizito, nikaona shingo zao zikitokwa jasho, na kwangu ilikuwa tamu, sijui niseme vipi vingine. Mama zao na baba zao walituangalia tukibeba bukari kwenda stesheni.

"Yeye kwanza," nikasema.

"Nini?"

"Yeye kwanza. Aseme mashua ilikuwa ya nani."

Kapiteni alikuwa nyuma ya wote, suruali imemng'ang'ania miguuni, shavu lina mstari mwekundu wa kamba. Watu wakampisha njia. Akasogea. Aliangalia chini, kama siku ile mlangoni kwetu.

"Ilikuwa ya..." akaanza kwa sauti ya chini.

"Sauti!" mama prezidenti akafoka, vile vile anavyofoka siku ya mazoezi.

Akasema. Akalitaja jina la baba, lote, mbele ya kwaya yote, jina ambalo mtaani kwetu lilikuwa limekwisha kuwa kimya. Akataja jina la babu, kwa kuwa alilijua, alikuwa amelisikia mezani kwetu. Kisha akakwama.

"Kijiji nilisahau."

"Mi najua," nikasema.

Nikarusha unga, nikakitaja. Sauti haikuwa ndogo. Kisha nikataja jina langu, lile alilolisaga. Nikaingia majini wa kwanza bila kuangalia nyuma, nao wakanifuata, yeye wa mwisho, amemshika wa tenori mkono kama kipofu.

Hadithi ilifika nyumbani kabla yangu. Kamyo ya makala ina masikio. Mama alikuwa amekaa kizingitini. Aliona ncha ya kitenge changu imefungwa, akaifungua mwenyewe. Akaigeuza ile buloni, graisi ya zamani ikamchafua vidole.

"Iko chini?"

"Iko chini."

Mama akacheka. Ilianza kama kikohozi, kisha ikawa kicheko chenyewe, alichokuwa nacho zamani, akaegemea mlango akicheka mpaka jirani akachungulia. Mama akamwangalia machoni, jirani akarudi ndani.

Hatujui kama watakuja tena na chaki. Wanaweza. Bombani watu wamerudia kulitaja jina la baba, na mama anasema hilo laweza kuwa jema au baya. Yeye, hakuna anayemwita Kapiteni tena, wala anayepanda naye chombo chochote. Amerudi kubeba chupa za gesi za watu wengine. Anazunguka barabara ya nyuma asipite kwetu, lakini mvua ikinyesha kule panakuwa matope, inambidi apite. Siku hizo nakaa kizingitini.

"Yaya," namwambia, "mayi ni muzima?"

Anakaza mwendo. Sitachoka mapema.

Buloni tulimpa mfanyabiashara mmoja, Mwislamu mzee ambaye malori yake yanafika Kasai, ndiye aliyewahi kutuletea habari kwamba baba yuko hai, anachomelea baiskeli katika mji asioujua. Mzee akaipima mkononi, akashangaa tunatuma chuma.

"Nimwambie ni nini?"

"Ataijua," mama akasema. "Umwambie ni binti yake njo aliifungua."